Mguu wa Kwanza kwa Akina Mactorran

Dod aliingiza mtaimbo chini ya jiwe la meko, akauegemea kwa uzito wake wote, na uzito Dod alijaaliwa. Jiwe halikutikisika.

"Mwalimu, jiwe lenu hili kaidi kama nyinyi wenyewe," alisema, akijifuta jasho kwenye kipara.

"Sukuma, Dod. Hata darasani ulikuwa hivyo hivyo, mdomo mbele, kazi nyuma."

Ishbel Mactorran alikuwa amemfundisha Dod kusoma, akamfundisha na kaka yake, na karibu nusu ya kijiji cha Inverarrach, kwa hiyo hakuna aliyemkasirikia akisema. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi na mama yake katika nyumba ile ile alimozaliwa. Mwaka mpya ulikuwa mlangoni, theluji imelala hadi kwenye kingo za madirisha, na jiko jipya la chuma lilikuwa barazani ndani ya sanduku lake. Daktari alikwishasema: kifua cha mama hakitaki tena moto wa wazi.

Mama mwenyewe, Bi Bethia, alikaa dirishani na blanketi mapajani. Miaka tisini ilikuwa inamwita, lakini macho yake yalikuwa bado yanaona vumbi lililoko chumba cha pili. Ishbel alikuwa ameagiza jiko lile mama akiwa hospitali, akitumaini litawekwa kabla hajarudi. Bi Bethia akapona upesi kuliko alivyotarajiwa, kama mtu aliyeambiwa nyumbani kunaibiwa.

"Liacheni jiwe," alisema. "Wekeni hilo jiko juu yake."

"Limepasuka, Bibi," Dod akasema. "Jiko likikaa juu ya ufa litainama, moshi utarudi ndani, na tutakuzika kabla ya machipuko."

"Bora mnizike. Liacheni."

Ishbel alidhani ni ubishi wa uzee. Mama yake alikuwa hapendi kitu kisogezwe, hata kikombe. Akampa Dod ishara ya kichwa, wakashika mtaimbo wawili, wakavuta. Jiwe liliachia ghafla, likainuka na vumbi la majivu ya vizazi, wakalisimamisha ukutani. Dod akalipangusa kwa kiganja ili aone ufa umefika wapi.

"Lina maandishi huku chini," alisema. "Tazama. E, M. Halafu kama moyo hivi. Halafu G, R. Na mwaka."

Ishbel aliinama kusoma. Alisoma mara moja tu. Kisha akageuka kumtazama mama yake, maana alitaka kumwona akishangaa. Bi Bethia hakushangaa. Alikuwa anatazama theluji.

Watu wa Inverarrach wote wanaijua habari hii, na walioijua vizuri walifundishwa na Ishbel. Zamani ukoo wa Mactorran ulikuwa mmoja, wakikaa kwenye bonde la Arrach juu huko, ambako leo hakuna ila kondoo na kuta zilizobomoka. Mac ni kama bin: jina lenyewe linakuambia wewe ni mwana wa nani, na watu wa kule walilibeba jina kama mzigo wa heshima. Kisha bwana mwenye ardhi akaona kondoo wana faida kuliko watu. Akaandika karatasi za kuwahamisha. Lakini sheria ilitaka kila mwenye nyumba akabidhiwe karatasi yake mkononi, na watu wa bonde, hawakuwa wajinga, wakaapa kufunga milango. Majira yote ya baridi hakuna mlango uliofunguliwa kwa mgeni.

Ila siku moja. Siku ya kwanza ya mwaka, mlango haukatai mguu wa kwanza. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako ndiye anayekuletea mwaka wako: anatakiwa awe mwanamume, mwenye nywele nyeusi, na asije mikono mitupu. Alete kitu cha kuwashia moto, kama makaa, kitu cha kula, na tone la wiski. Katika miji vijana huzunguka usiku wa manane wakiimba, lakini watu wa Arrach tangu zamani wanangoja mwanga wa asubuhi. Asubuhi hiyo mmoja wa wana Mactorran alipita nyumba hadi nyumba, chupa mkononi, akigonga na kusema, "Fungueni, ni mguu wa kwanza." Walipofungua, nyuma ya ukuta walikuwa wamejificha watu wa serikali na karatasi zao. Bonde zima lilikabidhiwa karatasi za kuhama kabla ya saa ya chakula. Yule msaliti akajengewa nyumba ya vigae, ya pekee bondeni, na juu ya mlango likawekwa jiwe lenye herufi zake na za mkewe, kama ilivyo desturi ya ndoa.

Msaliti, watu walisema, alikuwa Murdo, baba wa tawi la ukoo linaloitwa Mactorran wa Chini. Nyumba ya vigae ilibomoka siku nyingi, na lile jiwe la mlangoni halikuonekana tena. Walisema wana wa Murdo walilitupa mtoni kwa aibu. Na tangu hapo, siku ya mwaka mpya, hakuna mlango wa Inverarrach uliomfungulia mtu wa Chini. Wangekuja na dhahabu, wangerudi nayo.

Akina Mactorran wa Juu, watu wake Ishbel, ndio waliosalitiwa. Baba wa babu wa babu yake alikuwa Ewen Mactorran, shujaa, aliyechoma karatasi yake mbele ya askari. Mke wake aliitwa Grizel Ross.

E, M. G, R.

"Dod," Ishbel alisema, "nenda kanywe chai kwako. Utarudi kesho."

Dod alitazama jiwe, akamtazama mwalimu wake. Naye alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa kijiji kila mwaka mpya, akimsikiliza mwalimu akisimulia habari hiyo kabla ya pai ya nyama, na herufi alifundishwa na huyu huyu. Alichukua kofia yake akaondoka bila mzaha, jambo ambalo kwa Dod lilikuwa geni.

"Ulijua," Ishbel alisema.

Bi Bethia alivuta blanketi. "Funga mlango, baridi inaingia."

"Mama, ulijua."

"Mama wa baba yako aliniambia mwaka nilioolewa. Tulikuwa tunaosha meko kwa ajili ya mwaka mpya, kama hivi. Aliniambia kuna nini chini, na kwa nini haligeuzwi. Jiwe la ndoa halitupwi, mwanangu. Ukilitupa unatupa nyumba. Basi watu wa Ewen walilileta huku pwani usiku wakalilaza kifudifudi."

"Na watu? Watu wote wale waliofukuzwa, walimwona kwa macho. Iweje wamsingizie Murdo?"

"Waliomwona walipanda meli kwenda Kanada. Waliobaki walikuwa watoto, na mtoto huamini anayemsimulia wa kwanza. Murdo alikwishakufa maji mwaka ule, asingeweza kujitetea. Na mjane wake alikuwa na njaa." Bi Bethia alisema haya yote kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kuoka mkate. "Baba yako naye alijua. Usinitazame mimi peke yangu."

Ishbel alikaa juu ya sanduku la jiko. Maisha yake yote amefuatilia jina hili. Amepanda makaburini kukwangua kuvu kwenye mawe, amejibu watu wa Kanada na Australia walioandika kuuliza, sisi ni Mactorran wa wapi. Aliwajibu. Wa Juu aliwapongeza. Wa Chini aliwaeleza kwa upole, upole wa mtu aliyeshinda. Kulikuwa na mama mmoja aliyesafiri kutoka ng'ambo na wajukuu zake, akakaa ukumbini, akasikia mbele za watu kwamba yeye ni mbegu ya Murdo. Yule mama alilia. Ishbel alimpa leso, na usiku ule alilala usingizi mzuri. Sasa alilikumbuka hilo akaona uso unamchoma kwa haya.

Lakini hilo halikuwa jambo lililomfanya ashindwe kuinuka. Lilikuwepo jingine, na mama yake alilijua, maana alianza kuzungumza juu ya dawa yake ya saa kumi.

"Na Lachlan?" Ishbel aliuliza.

"Mambo ya zamani hayo."

Lachlan Mactorran wa Chini alikuwa na nywele nyeusi tii, na kicheko kilichosikika kutoka gatini hadi kanisani. Ishbel alikuwa na miaka ishirini na mbili. Asubuhi ya mwaka mpya Lachlan alikuja mlangoni hapa, mbele ya kijiji kizima, na makaa ya mawe mkononi, keki nyeusi ya zabibu kwapani. Hakuwahi mtu wa Chini kuthubutu. Akifunguliwa, basi amekubaliwa, na ugomvi wa vizazi umekwisha. Wao wawili walikwishaongea hivyo. Alipogonga, Ishbel alisimama. Mama yake alimtangulia mlangoni, akasukuma komeo, akamwambia kwa machozi: Mwanangu, damu ya msaliti ikivuka hapa, mifupa ya Ewen italia. Ishbel akaamini. Akasimama nyuma ya mlango, akimsikia akigonga, mpaka alipoacha.

Lachlan alioa mtu mwingine, akamzika, na bado alikuwa anaishi kwenye nyumba ya mwisho karibu na gati. Walipokutana dukani walisalimiana kwa kichwa.

"Ulikuwa umesimama pale," Ishbel alisema, "futi chache kutoka kwenye jiwe hili. Ukanililia mifupa ya Ewen."

"Ningefanyaje? Aje akae hapa mekoni, yeye ambaye kwao wamekuwa wakinong'ona siku zote kwamba siyo Murdo? Angeligeuza. Jina ndilo lilikuwa letu, Ishbel. Hatukuwa na kingine."

"Kwa hiyo ni jina."

Bi Bethia alikunja ukingo wa blanketi. Alikuwa mwongo wa miaka mingi lakini alikuwa amechoka, na uchovu humlegeza mtu ulimi.

"Wangekuchukua," alisema. "Kaka zako walikwishaenda. Baba yako alikuwa anakohoa damu. Ungeenda kukaa gatini na mume wako, na mimi ningebaki na nani?"

Ishbel alikuwa amejiandaa kwa habari ya jina. Kwa hili hakujiandaa. Waswahili wana neno lao, kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo ameifua, ameipiga pasi, ameivaa kila asubuhi tangu ujana wake. Alihisi amesalitiwa mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyouma, kwa sababu haikuwa na askari wala bwana mwenye ardhi. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alimpa mama yake dawa ya saa kumi, akaenda nyuma ya nyumba kukata kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Dod alirudi akaweka jiko. Jiwe lilibaki limeegemea ukuta, herufi zikitazama chumba. Bi Bethia aliomba lifunikwe kwa shuka. Ishbel hakulifunika. Waliishi hivyo siku ile iliyobaki ya mwaka, wakiosha vyombo, wakitoa majivu nje, wakibadilisha mashuka, maana mwaka mpya hauingii kwenye uchafu, na hawakusemeshana ila ya lazima.

Asubuhi ya mwaka mpya Ishbel alichoma matawi ya mreteni, mti wenye harufu kali, kwenye sinia, akapitisha moshi wake kila chumba na mlango umefungwa, kama ilivyo ada, mpaka wote wawili wakakohoa. Akafungua madirisha. Kisha akavaa koti.

"Unakwenda wapi?" Bi Bethia aliuliza. "Dod hajafika. Mtu hatoki kabla mguu wa kwanza haujaingia."

Dod ndiye aliyekuwa mguu wao wa kwanza kwa miaka mingi. Nywele zilimwisha lakini alishikilia kwamba hata kipara chake ni cheusi.

Ishbel alifungua kikapu cha makaa, akachagua bonge moja zuri, akalifunga kwenye karatasi.

"Na makaa hayo? Leo moto hautolewi nyumbani, Ishbel. Unatoa bahati yetu."

"Naipeleka kwa wenyewe," Ishbel alisema, akatoka.

Njia ya kwenda gatini ilikuwa na theluji ngumu na hakuna unyayo wa mtu. Alipogonga alisikia redio ndani, kisha redio ikazimwa. Lachlan alifungua mlango nusu. Nywele zilikuwa nyeupe, kicheko sijui kilikwenda wapi.

"Ishbel Mactorran," alisema. "Mwanamke, tena mwenye nywele nyekundu, tena mguu wa kwanza. Mwaka wangu umekwisha kabla haujaanza."

"Zimekuwa za kijivu."

"Wekundu hauishi, unajificha." Hakumkaribisha. Alitazama kile kifurushi. "Umekuja kufanya nini?"

Alimwambia. Alimwambia habari ya jiwe, herufi, mwaka, na mama yake aliyekuwa anajua. Alikuwa ameyapanga maneno njiani lakini yalitoka ovyo, na mwisho alisema tu, "Haikuwa nyinyi. Ilikuwa sisi."

Lachlan alijikuna kidevu. "Tunajua."

"Mnajua?"

"Bibi yangu alitufundisha kabla ya sala. Mjane wa Murdo alimwona Ewen kwa macho yake, na chupa yake." Sasa alikuwa anamtazama sawasawa. "Ungetaka niseme nini? Ukisingiziwa wizi ukamwonyesha mwizi, watu wanasema, sikilizeni, hivyo ndivyo wezi wanavyosema. Wewe ulisimama ukumbini kila mwaka na sauti yako ya ualimu. Nilikaa nyuma nikala pai yangu."

"Ungeniambia mimi."

"Siku ile nilikuja na makaa tu. Nilikuwa sitaki kukuambia kitu. Nilitaka unifungulie." Aliyasema bila ukali, na Ishbel angependelea ukali. "Nilikusikia, unajua. Ulikuwa unapumua nyuma ya mlango."

Machozi yalimtoka Ishbel na baridi ikayakausha papo hapo mashavuni. Alinyoosha mkono na kile kifurushi. Lachlan alikitazama, hakukipokea.

"Nataka twende nyumbani," Ishbel akasema. "Wewe utangulie. Ugonge. Akufungulie, wewe, na mtaa uone."

"Nimezeeka kwa mambo hayo."

"Na mimi nimezeeka. Twende hivyo hivyo."

Lachlan akaenda ndani, akarudi na koti, na chupa ambayo haikuwa imejaa. "Keki sina," alisema. "Nina biskuti. Mama yako atasamehe."

Walipanda kilima pamoja. Mapazia yalisogea kwenye madirisha ya watu, na hakuna aliyejifanya hachungulii. Mlangoni Ishbel alimpa yale makaa, akasimama nyuma yake, na ufunguo hakuutoa, maana siku hiyo mlango hufunguliwa kutoka ndani. Lachlan akagonga.

Ndani fimbo ya Bi Bethia iligonga sakafu, ikaja pole pole. Mkono wake ulishika kitasa. Kitasa kilianza kuzunguka.

"Dod?" alisema. "Ni wewe, Dod? Umechelewa."

Lachlan aligeuka kumtazama Ishbel. Angeitikia tu. Angesema ndiyo, kwa sauti nzito kidogo, na mlango ungefunguka, kama ilivyofunguka milango ya bonde zima siku ile. Ishbel aliliona hilo likipita usoni mwake, na alijua naye anakumbuka jambo lile lile.

"Hapana, Bibi," Lachlan alisema. "Ni Lachlan Mactorran, wa Chini. Nimewaletea makaa."

Kitasa kikasimama.

"Na mimi, Mama," Ishbel akasema. "Niko hapa nje. Nifungulie."

Walingoja. Alimsikia mama yake akipumua nyuma ya mbao, karibu kabisa, pumzi ile ya kifua kibovu ambayo yeye ameilinda usiku na mchana. Kisha akasikia komeo likisukumwa, chuma juu ya chuma, hadi mwisho. Sauti ile aliijua. Mara ya kwanza alipoisikia alikuwa upande wa ndani.

Lachlan aliinama, akaweka makaa juu ya kizingiti, na biskuti juu yake.

"Ukumbini watakuwa wamekwisha kupanga viti," alisema.

Ishbel alifuta uso kwa mkono wa koti. "Jiwe limo ndani," alisema, "lakini Dod naye ameliona, na herufi anazisoma, nilimfundisha mwenyewe. Twende. Mwaka huu wewe utakaa mbele."

Alimshika mkono kwa sababu ya theluji, na hakuugeukia mlango tena.